Mkanda Adimu Ni wa Nani?



Jina la Musonoi, hapa Kolwezi kwetu, limefika mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Mkusanyaji wa mawe adimu aliye Paris au New York analijua vizuri, kwa sababu mgodi wa Musonoi ulitoa madini ambayo wanasayansi hawakuwa wameyaona mahali pengine popote. Mwaka 1965 yalitangazwa madini ya guilleminite na demesmaekerite, mwaka 1969 marthozite, mwaka 1971 derriksite. Ni fuwele ndogo za manjano na za kijani, zenye urani na seleni ndani yake. Demesmaeker, Marthoz na Derriks walikuwa wakubwa wa kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga. Waliolivunja jiwe ni watu wa hapa, jina likawa la mkubwa, na kipande chenyewe kikaenda kukaa katika kabati la kioo ng'ambo.

Jioni hii nataka tuzungumze juu ya kitu kingine kinachotafutwa na kukusanywa kama mawe hayo, nacho ni filamu za zamani, hasa zile za uasi wa vijana wa miaka ya 1960 na 1970, ambazo mlangoni mwa sinema ziliandikiwa kwamba ni za wakubwa peke yao. Mtaniuliza zinatuhusu nini sisi wa Musonoi. Zinatuhusu sana, na nitawaonyesha njia inayotoka kwenye mikanda hiyo mpaka hapa kwetu.

Miaka hiyo vijana wa San Francisco, Paris, London na Copenhagen walikataa mambo mengi ya wazazi wao. Walikataa vita vya Vietnam, walikataa nidhamu ya kiwandani, walikataa pia ukimya uliofunika mambo ya mapenzi. Uasi huo ukaingia kwenye sinema. Denmark iliondoa marufuku ya picha za ngono mwaka 1969. Mwaka 1972, ndugu wawili wa San Francisco, Jim na Artie Mitchell, walitoa Behind the Green Door, na mwaka huohuo Deep Throat ikaoneshwa katika sinema za kawaida za Marekani, huku mahakama za miji mbalimbali zikiiandama. Kando ya filamu hizo zilikuwapo nyingine zilizozuiwa kwa watoto kwa sababu ya dawa za kulevya au siasa kali. Mojawapo ni More ya mwaka 1969, iliyoongozwa na Barbet Schroeder, yenye muziki wa Pink Floyd, inayosimulia vijana wawili wanaoangamia kwa heroini katika kisiwa cha Ibiza.

Kwa nini leo ni adimu? Nyingi zilitengenezwa kwa fedha kidogo, zikachapishwa nakala chache, polisi wakakamata baadhi, na kampuni zilipofungwa mikanda ikabaki kwenye maghala yasiyo na mlinzi. Halafu mkanda wenyewe hufa. Plastiki iliyotumika miaka hiyo, asetati, ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kujila, hunywea, hujikunja, na hutoa harufu kali ya siki. Rangi nazo huondoka moja baada ya nyingine mpaka uso wa mtu, mti na mbingu vyote viwe vya waridi. Mafundi wa sinema wameuita ugonjwa huo kwa harufu yake, na mwaka 2012 ikaanzishwa huko Connecticut, Marekani, kampuni iliyochukua jina la ugonjwa huo, Vinegar Syndrome. Kampuni hiyo ilianza kwa kuokoa filamu za wakubwa zilizodharauliwa na kila mtu. Walitafuta mikanda ya awali, wakaisafisha, wakaichukua upya kwa mashine za kisasa, picha kwa picha.

Ninaheshimu bidii hiyo, ingawa sisifu kila kilichomo ndani ya mikanda. Mwigizaji mkuu wa Deep Throat, Linda Boreman, aliyejulikana zaidi kama Linda Lovelace, aliandika mwaka 1980 kwamba mume wake alimlazimisha kwa vipigo na vitisho. Tangu ushuhuda huo, anayeikusanya filamu ile ameshika pia maumivu ya mtu, na hawezi kusema hajui. Naomba tulikumbuke jambo hili, tutalihitaji tutakapofika kwenye mikanda yetu wenyewe.

Sasa tuje Kolwezi.

Tarehe 13 Mei 1978, wapiganaji wa kundi la waasi la FNLC waliotoka Angola wakipitia Zambia waliuteka mji wetu. Tarehe 19 Mei, askari wa miavuli wa Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa walirushwa juu ya mji, na wa Ubelgiji wakafuata. Wakati yote yalipotulia, mamia ya Waafrika na zaidi ya Wazungu 100 walikuwa wamekufa. Kila mzee wa Kolwezi ana siku zake za Mei 1978, na wengi hawajaulizwa.

Mwaka 1980 ikatoka filamu ya Kifaransa juu ya siku hizo, La Légion saute sur Kolwezi, iliyotokana na kitabu cha Pierre Sergent, aliyekuwa ofisa wa Lejioni. Na hapa ndipo wakusanyaji wa sinema ya uasi wanapokutana na sisi. Aliyeiongoza ni Raoul Coutard. Huyu ndiye aliyeshika kamera katika À bout de souffle ya Jean-Luc Godard, filamu ya mwaka 1960 iliyobadilisha namna dunia inavyotengeneza sinema. Ndiye aliyepiga La Chinoise na Week-end mwaka 1967, filamu zilizonusa ghasia za Paris kabla hazijalipuka, na ndiye aliyepiga Z ya Costa-Gavras mwaka 1969. Mwigizaji Mimsy Farmer, anayeonekana akihangaika katika Kolwezi ya filamu hiyo, ndiye yule msichana wa More. Jacques Perrin, anayeigiza balozi, alikuwa mwigizaji na mtayarishaji wa Z. Naye Giuliano Gemma, anayeigiza askari wa Lejioni, alikuwa nyota wa filamu za cowboy za Italia tangu alipocheza Ringo mwaka 1965.

Kwa hiyo mkusanyaji wa Ulaya anaitafuta filamu hii kwa ajili ya Coutard, kwa ajili ya Farmer, kwa ajili ya Gemma. Anatafuta bango lake, mkanda wake wa kaseti, nakala yake ya milimita 35. Kwake ni kipande kinachokamilisha rafu. Ana haki yake, na mapenzi yake kwa sinema ni ya kweli.

Lakini mtu wa Musonoi akiitazama ataona mambo ambayo mkusanyaji yule hawezi kuyaona. Ataona kwanza kwamba mji ule si Kolwezi. Filamu ilipigwa Guyana ya Kifaransa, Amerika ya Kusini. Miti ni ya kwao, mwanga ni wa kwao, udongo ni wa kwao. Ataona kwamba hadithi inawafuata Wazungu waliozingirwa na askari wanaokuja kuwaokoa, na kwamba wakazi weusi, ambao ndio waliokufa kwa wingi zaidi, wanapita pembeni. Mwenye macho ya hapa atauliza: mama wa mtaa wa Manika aliyejificha na watoto yuko wapi? Mfanyakazi wa kampuni ya madini ya Gécamines aliyerudi kutoka zamu akakuta mtaa umejaa maiti yuko wapi? Filamu haina jibu. Jibu liko kwenye nyumba zetu.

Hiyo ndiyo hoja yangu jioni hii. Mkusanyo wa filamu haujakamilika mpaka watu waliomo ndani yake, au waliopaswa kuwamo, waitazame na waseme. Kabla ya hapo tunacho kitu kilichohifadhiwa vizuri ambacho nusu ya maana yake imekosekana.

Turudi nyuma zaidi, kwa sababu habari ya nani aruhusiwe kutazama nini ina mizizi mirefu katika nchi hii. Mwaka 1936, wakati wa Gavana Mkuu Pierre Ryckmans, ilitoka amri kwamba hakuna atakayepiga filamu Kongo bila kibali. Mwaka 1945 sheria nyingine ikawazuia Wakongo kuingia kwenye sinema, isipokuwa kwa filamu zilizopitishwa na tume maalumu. Mwaka 1952, ofisa wa utawala aliyesimamia filamu, L. Van Bever, alichapisha kitabu kizima juu ya sinema kwa Waafrika, akishikilia kwamba Mwafrika hajakomaa kwa sinema, apewe picha nyepesi, polepole, zinazoonyesha vitu anavyovijua.

Fikirini maana yake. Baba mwenye mke na watoto sita, anayeshuka mgodini na kuendesha mashine zenye uzito wa tani, anayelipa kodi, aliambiwa kwamba hawezi kutazama mapenzi, wizi au risasi kwenye kitambaa cheupe bila kupotoka. Mzungu kijana aliyefika jana aliweza. Huko San Francisco ya 1970 mlango wa sinema ulipanga watu kwa umri. Kwetu ulipanga kwa rangi ya ngozi, na mtu mzima mweusi akawekwa upande wa watoto.

Na bado kuna jambo chungu zaidi. Utawala huohuo uliomkataza Mkongo kutazama, haukukatazwa kumpiga picha. Kamera za wakoloni zilizunguka vijijini zikichukua mabinti na mama zetu bila nguo, na mikanda hiyo ikaonyeshwa Ulaya kama elimu. Hakuna aliyeandika kwamba waliulizwa wakakubali. Ndiyo sababu nilitaja ushuhuda wa Linda Boreman. Mkanda adimu unaweza kuwa mkanda wa mtu aliyechukuliwa kwa nguvu, awe Florida, ilikopigwa Deep Throat, au awe ukingoni mwa mto Lualaba.

Pamoja na makatazo hayo, watu walitazama, na walitazama kwa akili zao. Katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière zilioneshwa sinema, sehemu ya mpango mkubwa wa kampuni wa kumfunga mfanyakazi kwa nyumba, posho, shule na zahanati. Mapadri wa Scheut kule Luluabourg, Kananga ya leo, wakatengeneza filamu zao. Padri Albert Van Haelst ndiye aliyewaleta Matamata na Pilipili, mnene na mwembamba, waliochekesha Kongo nzima miaka ya 1950. Ng'ambo ya mpaka, Zambia ya leo, katika ukanda huuhuu wa shaba, mtafiti Hortense Powdermaker alikaa Luanshya mwaka 1953 na 1954. Alikuta watu wanajaa kwenye sinema ya wazi kila wiki kutazama filamu za cowboy, na kila shujaa, awe nani, walimwita Jack. Walipiga kelele, walimshauri, walimwonya kwamba adui yuko nyuma yake. Kinshasa vijana wa miaka hiyo walijiita Bills, wakavaa na kusema kwa namna ya cowboy. Watu ambao Van Bever aliwaona hawajakomaa walikuwa wamekwisha kuichukua sinema ya Marekani na kuifanya ya mtaa wao.

Sasa mikanda ya nyakati hizo iko wapi? Mingi iko Ubelgiji. Iko Brussels katika hifadhi ya sinema, iko kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, na ile ya wamisionari iko Leuven, katika kituo cha KADOC. Mwaka 2010 taasisi hizo tatu zilitoa pamoja mkusanyo wa filamu za kikoloni za Ernest Genval, André Cauvin na Gérard De Boe. Genval alizunguka Kongo katika miaka ya 1920 akizipigia kampuni kubwa filamu za kazi zao. Mikanda hiyo inakaa kwenye vyumba vya baridi, yenye namba na maelezo, na nashukuru haikuachwa ioze. Ila mjukuu wa mchimbaji aliyemo ndani yake anahitaji viza ili amwone babu yake.

Wapo waliokwisha kutuonyesha njia, na hawako mbali. Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, alichukua picha za zamani za kampuni ya madini, akawatoa wafanyakazi wale wa enzi ya ukoloni na kuwasimamisha mbele ya viwanda vya leo vilivyobomoka. Kazi hiyo ya mwaka 2006 aliiita Mémoire. Baadaye akafanya kazi nyingine aliyoiita Kolwezi, juu ya kambi za wachimbaji wa mikono. Hakuishia kuhifadhi picha za kale. Aliziuliza maswali. Nao wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwamo Donatien Dibwe dia Mwembu, walianzisha mradi wa kumbukumbu za mji wao, wakaingia majumbani, wakakusanya masimulizi na vitu vya kawaida vya familia za wafanyakazi, wakaviweka makumbushoni ili wenye vitu waje wavitazame. Hivi karibuni, mwaka 2024, Johan Grimonprez wa Ubelgiji alitoa filamu juu ya kuuawa kwa Lumumba, Soundtrack to a Coup d'Etat, iliyoundwa kwa sehemu kubwa na picha za kumbukumbu, ikafika kwenye mashindano ya Oscar. Mkanda uliolala miaka 60 unaweza kuamka na kutoa ushahidi.

Kwetu haraka ni kubwa kuliko kwa wenzetu. Mitaa inahama. Mnajua hali ya Cité Gécamines, ambako kurudi kwa uchimbaji wa kampuni ya COMMUS kumewaondoa watu kwenye nyumba zao, kama ilivyoelezwa katika ripoti ya Amnesty International na shirika la IBGDH la hapa Kolwezi mwaka 2023. Familia inapohamishwa hubeba vitanda, sufuria na mabati. Sanduku la kaseti za video za harusi ya 1988 huachwa, au hutupwa. Na kila nyumba ya Musonoi inayobomolewa huenda inabomoka na picha zake.

Basi tukusanye. Nasema na kijana mwenye simu, na mama mwenye sanduku chini ya kitanda, na mzee aliyewahi kuendesha mashine ya sinema kambini.

Ukikuta mkanda wa filamu, usiufungue kwa nguvu. Nusa kwanza. Ukinuka siki, utenge na mingine, maana mvuke wake huiharibu iliyo mizima. Usiufunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Ukiwa mpana, wa milimita 35, na ni wa kabla ya miaka ya 1950, uweke mbali kabisa na moto, kwa kuwa mikanda ya zamani ya aina hiyo huwaka kwa ukali. Kaseti ya video yenye ukungu usiitie kwenye mashine, itaharibika yenyewe na iharibu mashine. Mahali pa kuweka pawe pakavu, pa kivuli, mbali na bati la juu linalochemka mchana.

Kisha andika. Jina la aliyepiga, mahali, mwaka, waliomo, lugha wanayosema. Mkanda usio na maandishi, baada ya miaka 20, hauwezi kutambuliwa hata na mwenye nyumba. Andika pia yasiyo ya mkanda: bango, tiketi, namba za zamani za Mwana Shaba, gazeti la kampuni lililoanza mwaka 1957. Ukipata mtu wa kuhamisha picha kwenye kompyuta, fanya nakala mbili na uziweke nyumba mbili.

Na ndani ya kazi hiyo tuwe na adabu. Picha inayomwaibisha mtu, iliyopigwa bila ridhaa yake, tusiitangaze kwa sababu tu ni adimu. Aulizwe mwenyewe akiwa hai. Kama ameondoka, waulizwe watu wake. Wakisema ikae bila kuonyeshwa, ikae. Wakoloni hawakuuliza, na kosa lao hatuna sababu ya kulirudia na simu zetu.

Kwa taasisi za Ubelgiji nasema kwa heshima: nakala za filamu zilizopigwa katika ukanda wa shaba zije zikae hapa, ziwe wazi kwa shule na kwa wazee, bila safari na bila ada. Kwa viongozi wetu wa Lualaba nasema: mkoa unaotoa shaba na kobalti kwa dunia nzima unaweza kupata chumba kimoja chenye baridi na mtu mmoja wa kukitunza.

Na tusingoje chumba hicho ili tuanze. La Légion saute sur Kolwezi inapatikana. Tuitafute, tuionyeshe Musonoi jioni moja, na mwisho wa filamu tuwape wazee kipaza sauti, tuyarekodi watakayosema kwa Kiswahili chao, na tuyahifadhi pamoja na filamu yenyewe. Hapo ndipo filamu ile ya 1980 itakapopata nusu yake iliyokosekana, na mkusanyaji yeyote wa Paris atakayeitaka ikiwa kamili atalazimika kuja kuuliza kwetu.

Aliyekuwa na miaka 20 siku askari wale waliporushwa angani, leo anakaribia 70. Mkanda ulioko Brussels una baridi yake na unaweza kusubiri. Mzee huyu tumtembelee wiki hii.